Glovu kwa wanaowinda pweza na kaa huku wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda

Bamvua linapofika, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji katika pwani ya Mtwara hukauka hadi miamba ikabaki wazi. Kwa kawaida maji ya asubuhi hukauka zaidi kwenye saa 4 hivi. Kuanzia Mikindani na Msangamkuu hadi Msimbati na Ruvula, wanawake kwa wanaume hutembea kwa miguu kwenda mwambani kuchokoa pweza. Upande wa maingilio ya Mto Ruvuma, ndani ya mikoko, wapo wanaotafuta kaa kwenye matope. Sehemu kubwa ya eneo hili imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Kazi hii watu huiita uvuvi, lakini kwa namna inavyofanyika ni uwindaji. Mtu husoma alama za mnyama, kama vile maganda ya chaza na mabaki ya kaa yaliyorundikwa mlangoni mwa shimo, kisha humchokoa, humtoa na kumuua kwa mkono. Mikono ndiyo inayoumia kwanza. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, mchubuko wa tumbawe ni jambo la kuosha na kusahau. Kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mchubuko huohuo unaweza kutoka damu kwa muda mrefu na kumtia hofu mwenyewe na jamaa zake.

Katika makala haya tunaeleza glovu za aina gani zinamfaa mtu wa namna hiyo, zinazuia nini na zipi hazizuii kitu. Tunaeleza pia jambo ambalo ni zito kuliko glovu: kwa nini hofu ya kutokwa na damu isimfanye mtu aache dawa yake.

Dawa hizi hufanya nini

Mitaani watu huziita dawa za kuyeyusha damu, au za kuifanya damu iwe nyepesi. Majina hayo yanapotosha kidogo. Damu haigeuki kuwa maji, wala dawa haiyeyushi donge lililokwisha kujijenga. Kinachotokea ni kwamba damu inachelewa kuganda, ili donge jipya lisijengeke ndani ya moyo au kwenye mishipa.

Inayojulikana zaidi kwetu ni warfarini. Hii huzuia mwili usiitumie vizuri vitamini K, ambayo ini huihitaji ili kutengeneza baadhi ya protini za kugandisha damu. Historia yake huwashtua watu: ilitokana na utafiti uliofanyika Wisconsin, Marekani, kuhusu ng'ombe waliokuwa wakitokwa na damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyooza. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutumika kwa binadamu. Anayesikia habari ya sumu ya panya asiitupe dawa yake. Dawa nyingi huponya kwa kipimo kimoja na kuua kwa kipimo kingine, na ndiyo sababu anayetumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara.

Kipimo hicho huitwa INR. Kwa mtu asiyetumia dawa, INR huwa karibu na 1. Kwa wagonjwa wengi wa warfarini daktari hutaka iwe kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya wenye valvu bandia huwekwa juu zaidi kidogo. Ikiwa chini sana, donge linaweza kujijenga. Ikiwa juu sana, damu inaweza kuvuja hata bila jeraha.

Zipo pia dawa mpya zaidi, kama rivaroxaban, apixaban na dabigatran, ambazo hazihitaji kipimo cha INR. Hata hivyo hazitumiki kwa wenye valvu bandia za moyo zile ambazo wengi huziita valvu za chuma. Hao hubaki kwenye warfarini maisha yao yote. Aspirini na clopidogrel ni kundi jingine: zenyewe hudhoofisha chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazoziba tundu la mshipa mara tu ngozi inapokatika. Kwa hiyo anayetumia aspirini naye huona jeraha dogo likichelewa kukauka.

Wanaotumia dawa hizi ni wengi wa aina mbalimbali. Wapo waliobadilishiwa valvu, mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi utotoni, na baadhi yao hupasuliwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Wapo wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, waliowahi kupata kiharusi, na waliopata donge la damu mguuni au kwenye mapafu. Wengi wao hurudi vijijini na kuendelea na kazi zao, na kazi ya pwani ni mojawapo.

Kinachoumiza mikono mwambani na mikokoni

Glovu huchaguliwa kwa kuangalia kinachoumiza. Katika kazi hii hatari ziko za aina 4, na kila moja inadai kinga yake.

Ya kwanza ni kukwaruzwa na kukatwa. Tumbawe lililokufa lina kingo kali, na maganda ya chaza walioshika kwenye mawe na mizizi ya mikoko hukata kama wembe. Kundi hili huleta majeraha mengi kuliko mengine, na ndilo glovu inalolizuia vizuri zaidi.

Ya pili ni kuchomwa. Kuna wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya ngozi, kuna taa mwenye mwiba mkiani, na kuna samaki wanaofanana na jiwe ambao miiba yao ya mgongoni ina sumu kali. Mwiba mwembamba hupita katikati ya nyuzi za glovu nyingi.

Ya tatu ni kuumwa na kubanwa. Pweza ana mdomo mgumu uliopinda kama wa kasuku, pale miguu yake inapokutana. Mkunga hupenda mashimo yaleyale anayokaa pweza, na meno yake huchana nyama. Kaa mkubwa wa mikokoni ana gando lenye nguvu ya kuponda kidole.

Ya nne ni kisu na ndoana, baada ya mawindo kupatikana. Watu wengi huumia nyumbani wakati wa kusafisha pweza au kupasua samaki, si mwambani.

Glovu ipi kwa kazi ipi

Glovu nyembamba za hospitali hazifai kazi hii. Zinazuia uchafu na damu kugusa ngozi, lakini tumbawe huzichana kwa mguso mmoja. Kuzivaa mwambani ni kujidanganya kwamba umejikinga.

Kwa kuchokoa pweza, inayofaa zaidi kwa bei ya kawaida ni glovu ya kufumwa iliyopakwa mpira mzito kiganjani na vidoleni, ile ambayo mafundi ujenzi huivaa na ambayo hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mpira wake wenye mikwaruzo humshika pweza asiteleze, na mgongo wake wa kitambaa hupitisha hewa na maji. Inazuia michubuko mingi ya mawe. Haizuii kisu, na haizuii mwiba mwembamba.

Kwa kisu, ipo glovu iliyofumwa kwa nyuzi maalumu ngumu kukatika, na ipo ya pete ndogondogo za chuma kisichoshika kutu ambayo wachinjaji na wasafisha samaki huitumia. Hii huvaliwa kwenye mkono unaoshika samaki au nyama, si ule unaoshika kisu, kwa sababu ndio mkono unaokutana na makali. Kanuni hii humfaa pia mwindaji wa bara mwenye kibali anayechuna mnyama. Huyo anaweza kuongeza glovu ya mpira mwembamba kwa ndani ili damu ya mnyama isimguse. Nyuzi hizo ngumu hustahimili ukataji, lakini ncha ya kisu ikisukumwa moja kwa moja inaweza kupenya.

Kwa kaa wa matopeni, glovu nzito ya mpira inayofika karibu na kiwiko husaidia kuzuia mikwaruzo ya mizizi na maganda ya chaza. Hata hivyo haiondoi nguvu ya gando. Ngozi haitachanika, lakini nyama iliyo chini yake inaweza kupondeka na kuvia damu. Kwa mtumiaji wa dawa hizi, damu inayovia ndani si jambo dogo: mkono unaweza kuvimba kwa saa nyingi bila hata tone moja kuonekana nje.

Glovu za ngozi ya mnyama ni imara zikiwa kavu, ila maji ya chumvi huzifanya ziwe ngumu na kupasuka. Waachie wanaofyeka mikorosho.

Kusoma alama na kuchagua saizi

Glovu nyingi za kazi zina mchoro wa ngao wenye nyundo na maandishi EN 388. Hicho ni kiwango cha Ulaya. Chini yake kuna tarakimu 4 zinazofuatana: ya kwanza ni uwezo wa kustahimili kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, na ya nne kutobolewa. Kukatwa hupimwa hadi 5, na nyingine tatu hadi 4. Kadiri tarakimu ilivyo kubwa, ndivyo kinga ilivyo imara. Tangu mwaka 2016 huongezwa herufi kutoka A hadi F kwa kipimo kingine cha kukatwa, na F ndiyo imara zaidi.

Tarakimu ya nne inahitaji tahadhari. Jaribio la kutoboa hufanywa kwa chuma kinene kuliko mwiba wa baharini. Kwa hiyo hata glovu yenye 4 mwishoni haikuhakikishii kwamba mwiba mwembamba hautapenya.

Saizi nayo ni sehemu ya kinga. Glovu kubwa hunasa kwenye mawe na kulegeza mshiko, na ndogo huchosha vidole na kupasuka kwenye mishono. Ijaribu dukani: funga ngumi, kisha jaribu kuokota sarafu mezani. Ikiwa huwezi kabisa, hutaweza kushika chuma cha kuchokolea vizuri. Mkono usio na hisia hubana zaidi, huteleza zaidi, na huumia kwa namna nyingine.

Baada ya kazi, zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zigeuze ndani nje na uzianike kivulini, kwani jua kali huuharibu mpira. Kabla ya bamvua linalofuata, zijaze maji uone kama zile za mpira mzima zinavuja. Glovu yenye tundu ni ya kutupa.

Glovu haiingii shimoni

Kosa kubwa linaloweza kuletwa na glovu ni kumpa mtu ujasiri wa kutia mkono mahali asipopaona. Mkono hauingii shimoni, uwe na glovu au usiwe nayo. Chuma ndicho kinachoingia. Pweza akijitokeza na kushika chuma, ndipo mkono wenye glovu unapomshika, vidole vikiwa mbali na pale miguu inapokutana.

Miguu pia inahitaji kinga. Vaa viatu vyenye soli nene vinavyoshika mguu, si kandambili. Kuanguka kwenye mwani unaoteleza ni hatari zaidi kuliko mchubuko wa kidole, kwa sababu kichwa kinaweza kugonga jiwe. Mtu anayetumia dawa hizi akigonga kichwa kwa nguvu aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama hana jeraha na anajisikia mzima. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na dalili zikaja baada ya saa nyingi.

Usiende peke yako. Mwenzako ajue unatumia dawa gani. Bebeni kitambaa safi na bandeji ndani ya mfuko usiopitisha maji, na anzeni kurudi mapema. Anayetokwa na damu huku maji yakijaa, na nchi kavu ikiwa mbali, ana matatizo mawili kwa wakati mmoja.

Ukijeruhiwa

Suuza jeraha haraka kwa maji safi, weka kitambaa safi juu yake na ukandamize kwa nguvu. Inua mkono juu ya usawa wa moyo. Kandamiza dakika 15 kwa saa, bila kufunua kila mara kuangalia, maana kila ukifunua unaling'oa donge linaloanza kujijenga. Ikiwa damu imelowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake. Vua pete mapema kabla kidole hakijavimba. Usitie majivu, kahawa wala mafuta ya taa.

Nenda kituo cha afya ikiwa damu haijakata baada ya dakika hizo 15 za kukandamiza bila kuachia, ikiwa jeraha ni la kina, ikiwa umeumwa na mkunga, ikiwa kidole kimekufa ganzi au hakikunji, au mkono unaendelea kuvimba na kukaza. Ikiwa damu inaruka kwa mapigo, usisubiri dakika 15: endelea kukandamiza huku ukikimbizwa hospitali.

Kwa sumu ya taa au ya samaki wa jiwe, maumivu hupungua kwa kuloweka mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa dakika 30 hadi 90. Yajaribu kwanza kwa mkono mzima, kwa sababu mkono wenye maumivu makali huungua bila mtu kujua. Zuia damu kwanza, kisha loweka, na bado nenda kituo cha afya. Usikate wala kunyonya jeraha.

Vidonda vya baharini huingiwa na vijidudu kwa urahisi. Uwekundu unaosambaa, joto, usaha au homa ni sababu ya kurudi kwa mganga. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda, na mwambie anayekuchoma sindano kwamba unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ili akandamize kwa muda mrefu zaidi mahali alipochoma.

Duka la dawa nalo lina hatari yake. Diclofenac na ibuprofen, ambazo watu hununua kwa maumivu, huongeza hatari ya kutokwa na damu tumboni. Septrin na Flagyl zinaweza kuipandisha INR kwa kiasi kikubwa kwa anayetumia warfarini. Mara nyingi paracetamol kwa kipimo cha kawaida ndiyo salama zaidi kwa maumivu. Mwambie muuzaji jina la dawa yako ya kila siku kabla hajakupa chochote.

Usiache dawa kwa sababu ya bamvua

Mtu anaweza kushawishika kuruka vidonge siku mbili tatu kabla ya kwenda mwambani ili damu isimsumbue. Hesabu hiyo haimsaidii. Warfarini hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo kidonge ulichokiacha jana hakizuii damu ya leo. Ukianza tena, inachukua siku kadhaa nyingine kurudi kwenye kiwango. Katikati ya hapo damu inaweza kuganda bila kinga. Kwa dawa mpya mambo ni kinyume: kinga yake hupungua ndani ya siku moja hivi, na mwili unabaki wazi mapema.

Pima uzito wa pande mbili. Jeraha la kidole linaonekana, linakandamizwa na kwa kawaida linakata. Donge likikwama kwenye valvu bandia au likipanda kwenye ubongo halionekani, wala halikandamizwi kwa kitambaa. Linaleta kiharusi au kifo. Kazi ya glovu ni kupunguza majeraha ili mtu aweze kuendelea na dawa yake bila hofu. Kuvaa glovu na kuacha dawa ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Ukisahau kidonge cha warfarini na kukumbuka siku hiyohiyo, kimeze. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha siku hiyo, usimeze viwili. Mboga kama kisamvu, matembele na mchicha zina vitamini K nyingi. Huna haja ya kuziacha, ila kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, usile nyingi ghafla wala kuzikata ghafla.

Cha kumuuliza daktari

Kabla ya kurudi mwambani, iwe unatibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini au kwingineko, muulize daktari mambo haya: INR yangu ya mwisho ilikuwa ngapi na inatakiwa iwe ngapi? Kipimo kinachofuata ni lini, na nitakipata wapi karibu na nyumbani? Je, nina ugonjwa mwingine unaoongeza hatari ya kutokwa na damu? Nikijeruhiwa, nianzie wapi?

Fizi zinazotoka damu zenyewe, michubuko isiyo na sababu, mkojo mwekundu au choo cheusi kama lami ni dalili za kwenda hospitali haraka, wala usisubiri bamvua lipite. Andika jina la dawa na kipimo chake kwenye karatasi, ifunge kwenye nailoni, uiweke pamoja na glovu zako. Siku utakayoshindwa kujieleza, karatasi hiyo itamweleza mhudumu anachotakiwa kujua.